Nilijificha Ndani ya Nyavu za Sambaza

Haya, nisikilizeni mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wavuvi wa Rubona, maana wao wanaongeza chumvi na mkasa huu hauhitaji hata punje. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata na naomba nisiipate tena: mimi, mtu mzima, karani wa sekta, yaani ofisi ya kata, baba wa mtoto mmoja, mtu ambaye nikipita pale Nengo hata walevi wananiamkia, nilitolewa ziwani nimelowa chapachapa, kiatu kimoja mguuni, mbele ya maharusi na wapambe wao, huku wavuvi wanaimba wimbo unaonitaja mimi. Na ziwa zima likaitikia. Nasema ziwa zima kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosikia kwa masikio yangu, ingawa mke wangu Clémentine anasema walikuwa watu kama hamsini tu (kana kwamba hamsini ni wachache).

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wivu, na sisemi kwa kujisifu. Clémentine akicheka kwenye simu, mimi chakula kinanikwama. Fundi wa umeme akija nyumbani, ninayemshikia ngazi ni mimi, tangu anapanda mpaka anashuka, hata kama kazi ni ya saa tatu na ofisini wananisubiri. Hajawahi kunipa sababu hata moja, jamani, hata moja, lakini wivu wangu haungoji sababu, unaanza safari kwanza halafu sababu inatafutwa njiani. Na ni mzuri, hilo sibishani na mtu: ana mwanya, ana mwendo wa polepole, na ana kile Kiswahili cha watu waliokulia Goma kinachovutwa mpaka unasahau ulikuwa unamuuliza nini.

Sasa siku za uchumba, tumekaa kwenye mchanga pale ufukweni mjini, akaniambia kwamba yeye tangu utoto anaogopa maji, kwamba amekulia kando ya Ziwa Kivu, upande wa pili wa mpaka, na hajawahi kuingia zaidi ya magoti. Mimi nikataka aniangalie kwa jicho zuri, nikamwambia mimi nimekulia Mwanza, Ziwa Viktoria nimelipiga mbizi tangu nina miaka sita, naogelea asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Ukweli wenyewe (na mama yangu yupo, muulizeni) ni kwamba nimekulia Ngara, milimani, mbali na ziwa lolote, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia ni ya beseni. Lakini aliniangalia kwa jicho zuri kweli, na mwaka ule ule tukaoana.

Miaka minne nimekaa na uongo huo, na niliulea vizuri. Tukienda ufukweni Jumapili nina mafua. Kama sina mafua, sikio linauma. Kama sikio limepona, nasema haya maji ya Kivu hayana hadhi ya muogeleaji wa Viktoria, nitalegea mwili bure. Halafu ili asinishuku nikazidisha, nikawa namwambia, "Subiri tutimize miaka mitano ya ndoa, nitakupeleka Karongi, nitakuvusha mpaka visiwani kwa kuogelea, wewe umekaa mgongoni kwangu." Yeye anacheka, anasema bon, tutaona.

Basi mwaka huu, mke wangu akabadilika. Kila Jumamosi mchana anatoka na begi, anasema anaenda répétition, yaani mazoezi ya korali ya kanisani, na akirudi jioni kilemba kina unyevunyevu, macho mekundu, na ana furaha. Macho mekundu ningeyavumilia. Ile furaha ndiyo iliyonimaliza, maana haikuwa furaha ya nyimbo za kanisa, hizo nazijua. Hii ilikuwa ya mtu mwenye siri, anaingia jikoni anamenya viazi huku anatabasamu peke yake. Mimi nimekaa kwenye kiti natazama na moyo unanichoma. Nani amempa furaha hiyo? Si mimi, mimi nilikuwa hapa nyumbani.

Ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi tuko kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja, tunazibua mtaro, na jirani yangu kwenye mtaro ni mwalimu wa korali mwenyewe. Akaegemea jembe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Papa Keza, bibi yako amepona? Ni samedi tatu sasa hatumuoni kwa répétition."

Jumamosi tatu! Nikamjibu kwamba anaendelea vizuri, anakusalimuni. Halafu nikapiga jembe moja lile tope likanirukia usoni, na nashukuru lilinirukia, kwa sababu uso wangu wakati ule haukuwa wa kuonwa na mtu.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu, na lilikuwa dogo kabisa, mngeweza kulipita msilione. Tulipokuwa tunakula mchana (mtoto wetu Keza alikuwa kwa mama mkwe wangu, Mudende, kwa hiyo tuko wawili tu mezani) ningeweza kumuuliza, "Mama Keza, Jumamosi unakwendaga wapi?" Swali la maneno matano, na nimeyapima, yanatosha mdomoni. Badala yake nikauliza, "Leo kuna répétition?" Akasema bila kuinua macho, "Ndiyo, iko, nitachelewa kidogo." Nikasema, "Haya, wasalimie." Nikachukua kiazi kingine. Naapa kilikuwa kama jiwe.

Alipotoka tu, nikavaa shati langu jeupe la sikukuu na viatu vya ngozi (nilitaka huyo mwanaume, awe nani awe nani, aone kwamba mwenye mali si mtu wa hovyo), nikasimamisha pikipiki, nikamwambia dereva amfuate yule mama mwenye kilemba cha kijani aliyekuwa anapanda pikipiki pale kona, lakini asimkaribie. Dereva akaniangalia. Nikavuta kioo cha helmeti mpaka kidevuni. Tukazunguka vile vilima vya kwenda Rubona, kona baada ya kona, ziwa linaonekana linapotea, na mimi kichwani nimeshamaliza kila kitu: nimeshamfumania, nimeshampiga mwanaume makofi mawili, nimeshamsamehe mke wangu huku analia, na nimeshaanza kuwasimulia ndugu zangu jinsi nilivyokuwa mtulivu.

Rubona akashuka, akapita pale wavuvi wanapoegesha, akaelekea kwenye kijighuba chenye mchanga. Na kweli, mwanaume alikuwepo. Mrefu, kifua wazi, anamsubiri. Clémentine akaingia nyuma ya kibanda na begi lake, akatoka amevaa tisheti na suruali ya kubana, wakaingia majini pamoja, wanacheka. Miaka minne namsihi aingie majini (kwa sababu nilijua hataingia), na leo anaingia na mtu mwingine mpaka kiunoni!

Nikataka kusogea nisikie wanasema nini, lakini pale karibu na maji hakuna mti wala ukuta, kuna mchanga na mitumbwi tu. Mnaijua mitumbwi yetu ya kuvulia sambaza, wale dagaa wa Kivu, mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, na ule wa katikati unabeba nyavu na taa. Mmoja ulikuwa umeegeshwa hatua kumi kutoka walipokuwa, nyavu zimerundikwa, na turubai la bluu juu yake. Nikapiga hesabu: sambaza huvuliwa gizani kwa taa, sasa ni saa kumi, kwa hiyo wenye mitumbwi wako kwao wamelala. Ilikuwa hesabu ya mtu wa Ngara. Mtu yeyote wa ziwani angeniambia kwamba hawa wanapiga kasia kwa mikono, mwendo ni mrefu, na ili giza likukute mahali pa kuvulia unatoka jua bado lipo. Lakini mtu wa ziwani si nilikuwa mimi, nimekulia Mwanza! Nikainama, nikaingia, nikajilaza juu ya nyavu, nikajifunika turubai.

Harufu sitaieleza. Nikafungua upenyo kidogo, nikachungulia.

Yule mwanaume alikuwa ameweka mkono chini ya mgongo wa mke wangu. Mke wangu amelala juu ya maji, chali, mikono ameitandaza, macho ameyafumba, uso umetulia kabisa. Nikajiuliza, mimi kwangu amewahi kutulia hivyo lini? Halafu nikamsikia kwa masikio yangu, sauti ile ile inayovutwa, anamwambia, "Usiachie! Nakuomba, usiachie!" Na yule anajibu, "Mi niko hapa, siachie." Jamani. Niliuma turubai.

Nikasema sasa nasimama. Na ningesimama, ila wakati ule ule nikasikia miguu mchangani, miguu mingi, na watu wanaongea na kucheka, wakaanza kusukuma. Mitumbwi ikatikisika. Mtu mwenye akili angeinuka pale pale, akaomba radhi, akaenda zake. Mimi nikafikiri: nikiinuka Clémentine ataniona, na nitakuwa mimi niliyefumaniwa badala yake. Ngoja wasogee kidogo asinione, ndipo nijitokeze. Wakasogea kidogo. Nikasema ngoja wasogee tena kidogo. Na hivyo kidogo kidogo nikasikia maji yanapiga mbao pande zote mbili, kasia zinaingia kwa pamoja, na wimbo umeanza, maana hawa hawapigi kasia bila wimbo, mmoja anatoa na wengine wanaitikia ili mikono iende sawasawa. Nilikuwa katikati ya Kivu na sijui kuogelea.

Aliyenigundua alikuja kukaa juu yangu. Alitaka kupumzika kwenye nyavu, akajiachia na uzito wake wote, na mimi chini ya turubai nikasema, "Samahani." (Sijui kwa nini nilisema samahani. Malezi.) Yule bwana aliruka nusura aende majini, anamwita Mungu kwa kelele, "Mana yanjye! Nyavu inasema!"

Wimbo ukakatika. Turubai likafunuliwa. Nikaona wanaume wanane, kasia mikononi, wananitazama, na kapita wao, yaani mkuu wao, mzee mmoja wanamwita Ndoole, akanijia polepole akiruka mti mmoja mpaka mwingine.

"We ni nani?" akaniuliza. "Mwizi wa nyavu?"

"Mimi si mwizi, mzee wangu. Mimi ni karani."

"Karani anafanya nini mu nyavu yangu?"

Nyavu zimewahi kuibwa pale, kumbe, na wale vijana walikuwa wameshanisogelea kwa namna ambayo haikunipendeza, kwa hiyo nikaona uongo leo hautanifaa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba namchunga mke wangu. Akasema hasikii. Nikasema tena. Akaniambia, "Sema na nguvu, karani, hapa iko upepo." Basi nikasema kwa nguvu, wakasikia wanane wote.

Mzee Ndoole akageuka kutazama kule pwani, akanigeukia. "Ule mama wa kilemba? Ule mwenye Didier anafundishaka kuogelea?"

"Anamfundisha nini?"

"Kuogelea. Leo ni samedi ya ine. Ni mutu muzuri ule, anatusalimiaka kila mara."

Kuogelea! Jumamosi zote nne, kuogelea tu! Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara mbili hivi, nilitaka hata kumkumbatia mzee wa watu. Halafu furaha ikaisha kwa sababu nikatazama pale nilipo, na nikaona kwamba jambo moja tu sasa ndilo muhimu duniani, nalo ni Clémentine asijue. Akijua nilimfuata, akijua nilimdhania hivyo, nitamwambia nini? Nikamwomba mzee anirudishe taratibu, anishushe mbali kule kwenye mawe, nitapanda kilima kwa miguu.

"Hatugeuke," akasema. "Wimbo ikisha kuanza, hatugeuke. Tukigeuka, sambaza nayo inatugeuka."

"Mzee wangu, nakuomba."

"Usiogope. Tutakutafutia voiture."

Akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi ambao nadhani walisikia mpaka Cyanzarwe. Na voiture yenyewe, hilo gari langu, ndugu zangu, ilikuwa kayaki ya manjano iliyokuwa inakuja upande wetu, watu wawili ndani, nyuma yule mrefu, Didier, na mbele mke wangu, maana baada ya somo la pale karibu huwa wanakwenda kwenye maji ya kina kufanya mazoezi, wamevaa jaketi za kuelea. "Didier!" mzee akaita. "Kuja utwae mutu! Bwana ya mwanafunzi yako!"

Niliinuka. Kulikuwa na kitu gani kingine cha kufanya? Wavu ulikuwa umenasa kwenye kifungo cha shati, ukanifuata nilivyosimama, na sambaza mmoja mkavu wa jana amenigandia shingoni. Kayaki ikafika. Clémentine akanitazama, kasia hewani.

"Papa Keza?"

Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya ziwa, ndani ya mtumbwi wa watu, nikamjibu, "Nilikuwa napita."

Hakucheka. Wavuvi wote walicheka, yeye hakucheka, alinitazama tu kwa namna fulani, akageuka akaniachia nafasi. Nikaona niharakishe, nikaweka kiatu changu cha ngozi kwenye ukingo wa kayaki na kujitupa na mwili wote kama mtu anayepanda basi. Kayaki haipandwi hivyo. Ilipinduka papo hapo, tukaingia majini wote watatu. Wenzangu wakaelea na jaketi zao na mimi nikaenda chini na shati langu la sikukuu.

Nilipoibuka nilikamata kitu cha kwanza nilichokipata, na kilikuwa shingo ya Didier. Mwanaume niliyetoka nyumbani kwenda kumpiga makofi mawili, nimemkumbatia kwa mikono na miguu, na yeye anasema kwa shida, "Ndugu, usininyonge, usininyonge." Clémentine akanishika kola kwa nyuma, ananivuta. "Achilia! Lala mugongo! Angalia juu, upumue!" Mimi nazidi kukaba. Akapiga kelele, "Papa Keza, we si unajua kuogelea?"

"Sijui!"

"Unasema nini?"

"Sijui! Sijawahi kujua! Mimi ni mtu wa Ngara!"

Maji yanabeba sauti, hilo nililijifunza siku ile. Watu wote pwani wakasikia. Hatimaye nikalala chali, mkono wa mke wangu chini ya mgongo wangu, naangalia mawingu, na Didier anatuvuta na kayaki. Halafu nyuma yetu kasia zikaingia tena majini, na Mzee Ndoole akaanzisha wimbo mpya, aliutunga pale pale:

"Karani anachunga bibi!"

"Eeh, anachunga!" wakaitikia wanane.

"Amejificha mu nyavu!"

"Eeh, anachunga!"

"Na kuogelea hajue!"

"Eeh, anachunga!"

Waliupeleka hivyo ghuba nzima, na ni wimbo mwepesi kuushika, kwa hiyo tulipofika mchangani watu wa pwani walikuwa wameshaanza kuitikia na kupiga makofi. Walikuwa maharusi waliokuja kupiga picha za ziwa, na wapambe wao, na suti, na zile nguo za sherehe za mishanana, na simu zimeinuliwa. Nikatambaa kutoka majini. Bibi harusi akainama akanitazama vizuri, akamwambia mumewe kwa Kinyarwanda, kwa sauti ambayo sidhani alitaka niisikie, kwamba huyu si ndiye yule karani wa sekta aliyetuambia tuaminiane? Ni kweli. Mimi ndiye ninayewaonyesha wanandoa pa kutia sahihi, na kwa kuwa nina mdomo huwa naongeza mawaidha ambayo hakuna aliyeyaomba, na hao nilikuwa nimewapa mawaidha marefu Alhamisi moja, kuhusu wivu unavyobomoa nyumba. Nikawapungia mkono. Nikawapa hongera.

Clémentine alipanda pikipiki yake peke yake. Mimi madereva watatu walinikataa kwa ajili ya kulowesha kiti, wa nne akanikubali baada ya kutandika mfuko wa plastiki wa simenti, na njia nzima alikuwa anapiga mluzi. Mnajua wimbo gani.

Nyumbani nilimkuta jikoni, amebadilisha nguo. Nikaanza maneno yangu, nikayapanga, kwamba ni mapenzi ndiyo yaliyonisukuma, kwamba mtu asiyekuwa na wivu hapendi. Akaniacha mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "We ulisema tutaenda Karongi. Nilitaka siku ile niingie na wewe. Sikutaka kukaa kwa muchanga na kulinda viatu yako." Akatia mikono kwenye beseni la vyombo. "Donc nililipa Didier, nikajifunza na woga yangu yote, ju yako. Na we hata hujue kuogelea."

"Mama Keza, nisamehe huo uongo."

"Uongo si kitu," akasema. "Uongo nilikuwa naona. Mutu gani anapata mafua miaka ine? Nilifikiri umesahau kidogo, unaona haya, nikasema nitajua mimi kwanza, kisha nitakushika mukono." Akakausha mikono yake kwenye kitenge. "Lakini leo kwa meza uliniangalia hivi, ukaniona malaya, na ukaendelea kula chakula yangu. Hiyo njo sijue nitaiweka wapi."

Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejua pa kujibu.

Wiki mbili zikapita. Mjini wimbo ulishafika, vijana wa sokoni wanaujua, ofisini nikiingia kuna mtu anakohoa. Hayo nilistahili na niliyazoea. Lakini Jumamosi ya kwanza Clémentine hakutoka, na Jumamosi ya pili hakutoka, akakaa nyumbani kumtengeneza Keza nywele. Korali pia hakurudi. Watu wangemuuliza, na yeye si mtu wa kujieleza. Lile tabasamu la jikoni sikuliona tena, na nilikuwa naketi kwenye kiti kile kile nikilitafuta, mimi niliyelionea wivu mpaka nikaingia chini ya turubai.

Nikaenda Rubona peke yangu kumwomba Didier msamaha wa shingo yake. Alinipokea vizuri, ni mtu mwema (kifua bado kinaniudhi, siwezi kudanganya). Akaniambia, "Bibi yako alikuwa anajua. Alikuwa amebakiza kitu kimoja tu, kutoa jaketi kwa maji ya kina, na kuogelea yeye peke yake. Na ile siku njo alikuwa amechagua. Asubuhi aliniandikia, akasema leo nitaitoa." Tulikuwa tunakwenda kuitoa, akasema, wakati mzee alipopiga mluzi.

Nilirudi nikamwambia Clémentine nilichoambiwa. Alikuwa anamenya viazi vya Mudende. Akasema, "Najua," akaendelea kumenya.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: simfuati tena mtu, sichungulii, sinusi kilemba, siulizi watu wa umuganda mambo ya nyumba yangu. Wivu ninao bado, asubuhi hii tu simu yake imelia nikatoka nje kwenda kuangalia mgomba ambao hauna shida yoyote. Lakini nikiwa na swali nitamuuliza yeye, kwa mdomo wangu, mezani, nikiwa namwangalia usoni. Na tangu siku ile nimeuliza swali moja tu. Nimemuuliza kama atarudi majini. Hajanijibu.